Kifua cha Mama Nabintu Dirishani

Sifa ni zake Mungu aliyetamka nuru kabla hajaliweka jua mbinguni, aliyeiona mifupa yetu tungali tumboni mwa mama zetu, bila mashine wala umeme. Alinitoa katika vita, akanipa kazi ya mikono katika nchi ya watu, na hata leo ameyaachia macho yangu mwanga wa kutosha kuandika. Nisipoanza kwa kumshukuru yeye nitaanza kwa kulalamika, na kulalamika kupo kwingi humu. Mtanivumilia.

Vijana wangu mnaosomea kazi ya kupiga picha za mwili, nyinyi mnaopita kwangu Nyamityobora, hapa Mbarara, baada ya ibada na kuniuliza, "Mzee, kwa nini unagombana na watu kwa vitu vidogo?" sikilizeni. Juzi tu nilikwenda Nakivale, kambi ya wakimbizi, kumsalimu Mama Nabintu, mjane wa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, anayelima na kuuza ndagala, yaani dagaa. Nikapita shambani kwake. Mtama umekomaa, kamba imevutwa juu yake kutoka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba inang'aa sidii ya hospitali, na jina la hospitali limeandikwa juu yake! Imetundikwa kufukuza ndege. Picha ya mtu, iliyopigwa kwa mashine ya bei ya nyumba kadhaa, inafanya kazi ya kutisha ndege. Nilisimama kwenye mtama nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilichojibiwa nitawaambia baadaye. Kwanza mjue kelele zile zilitoka wapi.

Nilifika Nakivale mwaka wa 1996 na mke wangu na watoto. Katika leso nilikuwa nimefunga vitu viwili vya kazi yangu ya kwetu: herufi mbili ndogo za chuma kizito ambacho miale haipenyi, D na G. Herufi hizo huwekwa pembeni ya filamu ili daktari ajue upande wa kuume na wa kushoto wa mgonjwa, kwa maana filamu unaweza kuigeuza kama shati na moyo ukahamia upande mwingine. Kwetu tulifundishwa kwa Kifaransa, ndiyo maana D, droite, ni kuume, na G, gauche, ni kushoto. Mke wangu alisikitika sana. Wengine walibeba sufuria, mume wake alibeba herufi.

Nesi mmoja wa kambi alisikia kwamba najua kazi ya picha, akanipeleka hospitali moja Mbarara. Hapo ndipo nilipomkuta Mzee Yosamu, Mungu amtunze alipo. Alikuwa Munyankole, mwenyeji wa huko, mrefu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake, mwenye Kiswahili alichokiokota jeshini akiwa kijana. Chumba cha giza kilikuwa ufalme wake. Alizitazama herufi zangu akacheka.

"Hii G ni ya nini? Uganda hakuna upande ya G."

Aliniruhusu nizitumie miezi ya kwanza, mpaka akanipatia R na L, nami nikazirudisha D na G kwenye leso. Likumbukeni hilo, litarudi.

Nyinyi leo mnabonyeza, na picha inatokea kwenye kioo mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo. Sisi tuliingia gizani na filamu, taa nyekundu hafifu juu, na mbele yetu mapipa: dawa ya kwanza inayotokeza picha, dawa ya pili inayoikaza, kisha maji ya kuosha dawa zote zitoke. Katika dawa ya kwanza ukizidisha muda, picha inakuwa nyeusi. Ukipunguza, inakuwa kama ukungu. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, na Mzee Yosamu hakuililia, kwa sababu alipima muda kwa nyimbo za tenzi. Wimbo mmoja wenye beti zote ulitosha dawa ya kwanza. Usiruke ubeti! Alisimama nje ya pazia akisikiliza kama mwalimu wa kwaya.

Basi aliponipa filamu yangu ya kwanza, niliimba wimbo ule alioutaja, maana naujua tangu utoto. Niliimba kwa moyo. Picha ilipotoka ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria.

"Wewe Mukongomani, hii ni kifua ama ni usiku?"

"Mzee, nimeimba beti zote. Sikuruka hata mmoja."

"Umeimba namna gani? Imba nisikie."

Nikaimba tunavyoimba kwetu, polepole, kila pambio limerudiwa, na mwisho wa ubeti tunakaa kidogo kwenye sauti kabla ya kuiachia. Hatukufika ubeti wa pili. Mzee alijishika kichwa.

"Yesu atarudi kabla ujamaliza! Sikia, ndugu yangu. Kwa dawa, imba kama sisi. Kwa maji, imba kama nyinyi. Maji haiwezi kuunguza picha. Rudia kiitikio yote, weka na maombi, hakuna mtu atakuuliza."

Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote. Kwenye dawa nilikwenda mbio kama Munyankole, kwenye maji nilirudi Kivu. Vijana wa idara walinung'unika, maana bomba likikauka tulibeba maji kwa jerikeni kupanda ngazi. Siku moja mmoja wao alimwambia mzee kwamba ni kazi bure, daktari anaitazama picha leo, kesho mgonjwa kaenda zake, kuna haja gani ya kuiosha kama nguo ya arusi? Mzee Yosamu alimwambia, "Wewe unajua hii picha itaitwa tena lini? Osha." Dawa ikibaki kwenye filamu, huila kidogokidogo. Miaka michache tu, picha inageuka kahawia na kufutika. Hamlijui hilo kwa sababu hamjawahi kulowa mikono.

Na wagonjwa! Mungu anisamehe, lakini nimechoka nao na bado nawapenda. Wapo walioamini kwamba kupigwa picha ndiyo dawa. Mzee mmoja wa Rwekubo, karibu na kambi, alirudi akasema ile ya kwanza ilimsaidia sana mgongo, tafadhali nimpige nyingine, na safari hii niongeze nguvu. Kila mama unamwambia aondoe vitu vya chuma, anaapa kwamba ameondoa, kisha kwenye filamu unaona sarafu zimekaa kifuani, zimefungwa kwenye pindo la kitenge alichosema amekivua. Ukiwaambia wasichana wasogeze nywele, wanadhani unawachumbia. Lakini misuko ikiangukia mabegani hutupa kivuli juu ya mapafu, na daktari anaweza kumwanzishia mtu dawa za kifua kikuu kwa sababu ya msusi. Sogezeni nywele. Fungueni pindo wenyewe, msiulize tu. Na mkimwambia mtu "shika pumzi", mwambieni pia "achia". Bibi mmoja nilimsahau kidogo tu nikibadilisha kaseti ya filamu, niliporudi macho yamemtoka. Aliponiona tu, akanipiga na kandambili.

Lakini kilichonichosha kuliko vyote ni madirisha.

Hospitali haikuwa na stoo kavu ya kutunza picha, kwa hiyo tulimpa mgonjwa filamu yake tukamwambia, "Itunze vizuri, siku ukiugua urudi nayo." Wakaitunza vizuri. Nyumba za Nakivale zilikuwa za udongo, zenye tundu dogo la dirisha. Turubai linaziba mvua, lakini linaziba na mwanga. Filamu inapitisha mwanga, haichaniki, wala mchwa hawaili. Mtu mmoja alianza, wote wakafuata. Miaka ile ukiingia kwa watu asubuhi, jua lilikuwa linakupitia kwenye mbavu za mwenye nyumba. Nimewahi kunywa chai chini ya nyonga ya shemasi wetu. Nilisema kanisani, nilisema sokoni. Walinijibu, "Lakini Papa Elisha, ulisema tuitunze." Nifanyeje?

Miaka ikaenda. Mzee Yosamu akastaafu, kisha Bwana akamwita. Mashine ya kompyuta ikaja na maneno ya siri ambayo aliyeyajua alikuwa likizo. Umeme ukikatika, picha zote zinabaki ndani kama samaki kwenye friji iliyofungwa, na fundi anatoka Kampala anapotaka. Chumba cha giza kikawa stoo ya mafagio. Sisemi mashine ni mbaya. Inaona vizuri kuliko filamu, na mgonjwa anapata miale kidogo. Nasema tu kwamba tulisherehekea mno, tukatupa hata tulivyovihitaji.

Wakati huo ndipo Mama Nabintu alipokuja na kikohozi kisichoisha. Makohozi yalipimwa, hayana kifua kikuu. Nikampiga picha. Juu kwenye pafu la kuume kulikuwa na doa la mviringo, kama punje ya hindi. Nilifikiri ni sarafu. Nikafungua pindo mwenyewe, nikamwambia afumue na misuko, nikapiga tena. Doa liko palepale.

Daktari wetu, Kyomugisha, alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu, asiyemficha mgonjwa kitu. Alimketisha.

"Mama, hii inaweza kuwa kovu ya zamani, haina shida. Inaweza kuwa kitu mbaya inakua, na hiyo inataka kupasuliwa Kampala, haraka. Kwa macho siwezi kujua. Uliwahi kupigwa picha ya kifua?"

"Ndiyo, Docta. Papa Elisha huyu njo alinipigaka, tulipofika tu mu kambi."

"Picha iko wapi?"

"Iko ku dirisha."

Daktari akanigeukia. "Mzee, dirisha ya ofisi gani?"

"Dirisha la nyumba yake," nikasema, na kichwa kikaanza kuniuma.

"Bwana yangu aliikataka mara mbili na kisu," Mama Nabintu akaeleza, bila wasiwasi. "Dirisha zetu zilikuwa kidogo. Nusu iko mu chumba, nusu iko mu jikoni."

Marehemu mumewe nilimjua. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kila kitu. Kwa nini mtu mpole namna ile achukue kisu akapasue kifua cha mkewe katikati?

Daktari akasema, "Alhamisi gari ya wagonjwa inaenda Kampala. Niletee hiyo picha. Kama doa iko pale, saizi ileile, mama anarudi kulima. Kama haiko, anapanda gari."

Hapo tabasamu la Mama Nabintu likaondoka. Alikuwa analea watoto wa binti yake aliyefariki. "Papa," akaniambia tukiwa nje, "bakinipasua kifua na nisiamke, hawa batoto batabaki na nani? Sema ukweli." Nilimwambia twende tukaone dirisha.

Tulishuka basi Rwekubo tukapanda boda mpaka kambini. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumlaumu, na njia nzima yeye alikuwa anaomba kimyakimya, kwa hiyo niliyaacha. Nusu ya chumbani ilikuwa safi kabisa, inapendeza. Lakini ilikuwa nusu yenye moyo, upande wa kushoto. Haikutufaa. Tukazunguka jikoni. Nusu ya kuume ilikuwa imekaa juu ya mafiga miaka yote hiyo, imefunikwa masizi. Haipitishi mwanga wala haionyeshi ubavu mmoja. Niliibandua taratibu, nikaiweka kwenye meza, nikakaa.

"Pumzika, Papa. Kunywa chai," akasema. "Mi naenda kusafisha."

Nilikunywa mafunda mawili ya chai kabla akili haijanifikia. Kusafisha na nini? Nilitoka mbio na kikombe mkononi. Amechuchumaa nyuma ya nyumba, filamu iko juu ya jiwe, na mkononi ana majivu na mchanga, anaisugua kwa gunzi kama sufuria ya ugali!

"Acha! Mama Nabintu, acha, kwa jina la Yesu!"

"Masizi haitokake na maji tu, Papa. Unajua kusafisha weye?"

"Hiyo ni picha! Picha iko juu ya hiyo ngozi, unaikwangua na mapafu yako!"

Alikuwa ameanza na pembe ya chini. Pale paliisha, pakawa peupe kama karatasi. Bwana ni mwema, hakuanza juu.

Niliomba karai na maji safi ya baridi. Vijana, filamu ya zamani haisuguliwi. Inalazwa majini, unatikisa karai kidogo, unasubiri, unabadilisha maji. Masizi yaliyoshikana unayapapasa kwa pamba iliyolowa, unakwenda upande mmoja tu. Nikaanza kusubiri, na nilipokuwa nasubiri mdomo ukaanza wenyewe ule wimbo wa Mzee Yosamu, kwa mwendo wa kwetu. Mama Nabintu akaingia kwenye pambio. Jirani aliyekuwa anapura maharage akaacha, akaingia kwenye sauti ya pili. Hatukuwa na haraka. Maji yakawa meusi, tukamwaga, tukaimba tena. Ubavu mmoja ukatokea, kisha mwingine. Na juu pembeni, nyeupe safi, ikatokea herufi yangu, D, ile niliyoivusha mpakani ndani ya leso. Picha haikuwa na rangi ya kahawia hata kidogo. Maji ya miaka ile yalikuwa yamefanya kazi yake.

Niliinyanyua kwenye jua, nikaangalia juu ya pafu, kisha nikaishusha.

"Umeona nini, Papa?"

"Daktari atasoma."

"Uso yako imeshasoma."

"Daktari atasoma, Mama."

Na nyinyi mtafanya vivyo hivyo. Kwenye filamu iliyoloa, tone la maji laweza kuonekana kama doa, na doa laweza kuonekana kama tone. Usimpe mtu tumaini ambalo kesho litakaushwa na jua. Aliniona mkatili. Usiku ule hakulala, alikuja kuniambia baadaye.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Mbarara kabla gari halijawashwa. Basi tafuteni kisanduku cha taa cha kusomea filamu. Hakuna! Idara nzima haina! Tulipopata kompyuta tulivitupa vyote, kimoja kilikuwa jikoni kwa wauguzi kinabeba thermosi, na waya wake umekatwa. Nilisema maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kusema. Daktari Kyomugisha aliomba plasta. Alizichukua nusu zote mbili, akaziunganisha kwa plasta, akaenda dirishani, akaziinua kwenye mwanga. Pale katikati jina la Mama Nabintu, lililokuwa limekatwa na kisu, likawa jina tena.

Alitazama muda mrefu. Akachukua rula. Akarudi kwenye kompyuta, akapima, akarudi dirishani. Dereva wa gari alichungulia mlangoni akauliza kama mgonjwa yuko tayari.

"Iko," daktari akasema. "Saizi ileile. Mama, hii kovu ni ya zamani kuliko kazi yangu." Akamgeukia dereva. "Nenda, huyu hana safari tena."

Mama Nabintu alikaa sakafuni palepale akalia, akamshukuru Mungu kwa Kishi, lugha ya mama yake. Daktari alimwacha amalize, kisha akaisogeza ile nusu ya kuume puani, akanusa.

"Hii ilikuwa jikoni?"

"Ndiyo, Docta. Ku dirisha."

"Na jikoni ina dirisha ingine?"

"Hapana. Ni ile moja tu."

"Basi kikohozi tumepata. Moshi inatoka wapi, kama umeziba dirisha na kifua yako?"

Sikujua nicheke au nilie. Picha iliyomwokoa na kisu ndiyo iliyomkohoza.

Nikasema filamu ibaki hospitali. Mama Nabintu akafuta machozi akanyoosha mkono. "Hapana, Papa. Ile bwana yangu aliiweka na mikono yake. Unipe." Tukabishana. Daktari akatukatisha, akaipiga picha kwa simu pale dirishani, akaiweka pamoja na ile mpya kwenye sidii, akampa, akamwonya aitunze kwa kulinganisha siku za mbele. Filamu akarudi nayo. Majirani walipanua tundu la dirisha la chumbani, nami nikaenda kuisimamisha nzima, nusu mbili kwa pamoja, D upande wake. Jikoni paliachwa wazi. Kikohozi kiliisha. Akija kupimwa, daktari humwuliza, "Dirisha iko?" naye hujibu, "Iko, Docta. Nzima."

Sasa mmeelewa kelele za juzi kwenye mtama? Baada ya yote yale, sidii inafukuza ndege!

Mama Nabintu alitoka ndani akijifuta unga mikononi. "Papa Elisha, unalia nini mu shamba ya batu?"

"Sidii, Mama! Kifua chako! Tulihangaika vile, leo umekianika kwa ndege?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto asiyejua kusoma. "Ile ni mguu ya mujukuu yangu. Alivunjikaka, akapona, anacheza mupira. Acha ifukuze ndege." Akanivuta ndani. Kwenye meza ilikuwa Biblia yake, na katikati ya Zaburi, ndani ya kitambaa, sidii ya kifua. Juu yake dirisha, jua likipita kwenye mbavu zake zote, kushoto na kuume. Nikanywa chai aliyonimiminia.

Hata hivyo miguu nayo itunzeni. Mfupa uliovunjika mara moja unaweza kuulizwa tena.

Mungu aliyeona ndani yenu kabla ya mashine yoyote awabariki nyinyi mnaosoma haya. Aitulize mikono yenu juu ya wagonjwa, awape subira ya kuosha kile ambacho hamjui kitaitwa lini, na vifua vyenu avijaze pumzi safi. Na kila mtakayemwambia ashike pumzi, Bwana awakumbushe kumwambia aachie. Amina.